Kibuyu cha Kata ya Ikapo

Asajile Mwambungu alipochaguliwa kubeba nia za kata ya Ikapo, mkewe Subilaga hakumpongeza. Alimtazama kidogo, akarudi kuchambua maharage, akasema alijua tu kwamba ipo siku nchi itamhitaji mtu wa namna ile.

Namna yenyewe ilijulikana kata nzima. Asajile alikuwa na duka la rangi pale njia panda ya kwenda Tukuyu. Mteja akiuliza sebule ipakwe bluu au rangi ya maziwa, alijibiwa kwamba zote nzuri. Akisema bluu inaleta baridi, na baridi ya Rungwe inatosha, Asajile alikubali kwamba kweli bluu ni baridi. Akiingia mwingine na kusema bluu inatuliza moyo, Asajile alikubali pia, tena kwa furaha, kana kwamba hajawahi kusikia jambo zuri kama hilo. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa na rangi tatu, kwa sababu siku ya kuipaka walipita majirani watatu na kila mmoja alitoa ushauri. Hakuwa mwoga, wala mjinga hakuwa. Ila ukimpekua hadi ndani kabisa usingekuta kitu ambacho yeye, Asajile, alikitaka kuliko kingine.

Tume ya Nia ilipokuja kupima watu, ilikuja na kofia ya nyaya iliyosoma ukaidi kwa digrii. Mtu wa kawaida alipata hamsini au sitini. Subilaga alipata themanini na nane, akalalamika kwamba amepunjwa. Asajile alipata mbili. Fundi wa Tume alidhani kofia imeharibika, akakivalisha kiti ili ajue. Kiti kilipata nne.

Basi ikawa yeye. Jina la kazi hiyo kwa sheria lilikuwa Mbeba Nia, lakini watu waliita kibuyu, na hawakuita kwa dharau. Kibuyu kizuri ni kile kisichotia ladha yake kwenye maziwa.

Miaka hiyo Mkuu wa Shirikisho hakuchaguliwa na wananchi moja kwa moja. Kata ilipiga kura, mjumbe wa kata akaenda ukumbini Mbeya pamoja na wajumbe wa kata nyingine, na wao ndio waliochagua. Zamani wajumbe walitumwa wakiwa na midomo yao tu, na walichokisema ukumbini hakikufanana na walichotumwa, maana kati ya kata na ukumbi palikuwa na hoteli nyingi na watu wakarimu. Baada ya ghasia za kukataa matokeo, wanasayansi wa Shirikisho walitengeneza punje. Ilikuwa ndogo kuliko punje ya ulezi, ikipandikizwa nyuma ya sikio. Siku ya kura kila mpiga kura aliweka kiganja kwenye kioo na kuwaza anachokitaka. Kioo kilipokea jina la mgombea na ile hamu iliyo nyuma ya jina, vyote vikamiminwa kwenye punje ya mjumbe. Upande uliozidi ulichukua uzito wote wa kata. Siku ya ukumbini mjumbe alipofika mbele ya vitufe viwili, mkono wake ulikwenda wenyewe palipo na uzito. Akijaribu kuupeleka kwingine, uliingia ganzi.

Wagombea walikuwa wawili, na kwa watu wa Ikapo hoja ilikuwa moja, mvua. Minara iliyosimikwa juu ya Mlima Rungwe ndiyo iliyopanga inyeshe lini na kwa muda gani, na tangu iwashwe haikuwahi kuwapumzisha. Bwana Kibwana Luhende alisema minara ibaki ilivyo, nchi inahitaji maji. Bibi Nsia Rutagwa aliahidi kwamba akishinda, kila wiki Rungwe itapata saa thelathini na sita za ukavu. Akina mama waliokuwa wakianika nguo zile zile tangu Jumapili walimpigia makofi hadi viganja vikawaka moto. Rutagwa akashinda Ikapo kwa kishindo.

*

Asubuhi iliyofuata Asajile aliamka akiwa na hasira na mpima majani ya chai wa kituo cha pili, mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Aliketi kitandani akishangaa. Kisha ikamjia hamu ya choo kipya cha shule ya msingi, na wivu wa baiskeli ya mtu, na hofu ya mama mmoja kwamba maharage yake yataota ukungu ghalani kabla hajayauza apate ada ya mtoto. Na juu ya yote, kama blanketi zito lililolowa, alitaka jua. Alilitaka kwa uchungu uliomfanya atoke nje na kuisuta mvua kwa sauti.

Wiki ya kwanza Subilaga alifurahi. Mume aliyekuwa akiulizwa ale wali au ndizi akajibu chochote tu, sasa alipiga meza akidai barabara ya lami. Wiki ya pili alianza kuchoka, maana meza ilipigwa pia kwa ajili ya bei ya parachichi, mbwa wa mchungaji, na kwaya iliyokuwa ikiimba sauti ya pili vibaya, ambayo Subilaga mwenyewe ndiye aliyeiongoza. Wachache waliompigia Luhende nao walikuwamo, ila walinung'unika kwa mbali kama abiria waliokalishwa nyuma ya lori. Waliweza kumkosesha raha. Mkono wake hawakuweza kuusogeza hata kidogo.

Siku chache kabla ya safari ya Mbeya, Bibi Rutagwa alihojiwa redioni. Mtangazaji alimuuliza ukulima na maji ya bwawa vitafanyaje ikiwa Rungwe itakaushwa. Akajibu kwa utulivu kwamba hakuna tatizo, wataalamu wameshapanga. Saa thelathini na sita ziko pale pale. Zote zitakuwa usiku, na mvua ya usiku huo itaongezwa mchana.

Dukani kwa Asajile wateja wanne walikuwa wakisikiliza. Mwanamke mmoja aliyekuja kununua brashi aliirudisha rafuni taratibu. Kisha wote wakamgeukia Asajile, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na kura yao.

Jioni hiyo, jua likiwa bado halijazama huko nyuma ya mawingu, uwanja wa nyumba yake ulijaa. Walikuja na miavuli na majani ya migomba ya kujifunika, wakasema kwa zamu na kisha kwa pamoja. Waliyoyasema yalikuwa ni haya, kwamba nani alimwambia Rutagwa kuwa watu huanika nguo usiku, kwamba wamedanganywa, na kwamba Asajile akifika ukumbini asithubutu kumpa. Asajile alikubali. Alikubali kwa moyo wote. Kisha akawaonyesha kwa vitendo. Aliweka vikombe viwili mezani, akasema hiki ni Rutagwa na hiki ni Luhende, akanyoosha mkono kuelekea kwa Luhende. Mkono ukalegea katikati ya njia kama soksi, halafu ukapinda wenyewe na kukishika kikombe cha Rutagwa.

Kichwani mwake watu walewale waliokuwa uwanjani walikuwa wakishangilia jua. Hawakuwa wamesikia redio. Walikuwa watu wa siku ya kura, na kwao siku ya kura ilikuwa haijaisha.

*

Alimpigia simu afisa wa Tume aliyempandikizia punje, Bi. Kanisia Ngonyani, mwanamke mpole wa Songea aliyezungumza kama anayesoma maelekezo ya dawa. Bi. Ngonyani alimweleza kwamba nia ikishamiminwa haibadilishwi, kwani ikibadilika kila redio ikiongea, hakuna uchaguzi utakaokwisha. Mlango uko mmoja tu. Siku ya ukumbini kila mjumbe hupimwa tena ukaidi. Akivuka digrii ishirini, punje yake humwagwa, naye hufutwa kazi, na kata hupiga kura upya kwa mjumbe mwingine. Akaongeza, kwa namna ya kumfariji, kwamba tangu sheria ianze hakuna aliyewahi kuvuka.

Subilaga aliposikia hivyo aliona jambo limekwisha. Kinachotakiwa ni mume wake awe mkaidi, na ukaidi, kwa maneno yake, ulikuwa umejaa humo ndani ya nyumba na ungetosha wawili. Wakaanza mazoezi papo hapo. Alimwagiza akalete maji, naye akatakiwa kukataa. Asajile akakataa vizuri, kwa sauti, mikono kifuani. Baada ya muda mfupi Subilaga akamkuta nyuma ya nyumba akiingiza ndoo kimya kimya.

Kilichomsumbua hasa hakikuwa mazoezi. Kesho yake alfajiri, alipokuwa akifungua duka, alikuja Ambakisye, mlinzi wa ghala la chai, akitoka zamu. Koti lake la mvua lilikuwa likichuruzika. Watu wa Ikapo walimfahamu zaidi kwa tochi yake kuliko kwa sura. Alisalimia, akakataa kiti, akasema amesikia habari za mazoezi ya ukaidi na za mkutano wa jana, ambao hakuna aliyemwita.

Alisema yeye amelinda ghala hilo tangu ujana wake na hajawahi kumaliza usiku mmoja akiwa mkavu. Mapafu yake yana sauti kama mlango mbovu. Siku ya kura alimchagua Rutagwa kwa ajili ya mvua kama wengine, bila matumaini makubwa. Jana alipomsikia redioni, alilia.

"Ninyi watu wa mchana mnasema mmedanganywa," alisema. "Mimi ndiyo kwanza nimesikilizwa. Nilikupa nia yangu, Mwambungu. Sijaja kuidai."

Asajile akasema anamwelewa. Ambakisye akajibu kwamba kuelewa kwake kunajulikana, humwelewa kila anayeingia dukani. Alitaka kujua jambo moja tu. Ikiwa Asajile atakwenda kujifanya mkaidi ili nia zimwagwe, na ya kwake itamwagwa?

Itamwagwa, alisema Asajile.

"Na kura ikirudiwa nikashindwa, utakuwa umeninyang'anya."

Hapo Asajile alitafuta jibu la kumridhisha, maana maisha yake yote lilikuwa halikosekani. Alitaka kusema kwamba wote wana haki. Ndani ya kichwa, Ambakisye wa siku ya kura alikuwapo miongoni mwa wengine, sauti nyembamba yenye kikohozi, akitaka usiku mmoja tu. Na mbele yake alisimama Ambakisye wa leo, anayetaka kitu kilekile. Huyu peke yake hakuwa amebadilika. Waliobadilika ni wengi, au ndio wenye kelele nyingi, na Asajile hakuwa na kioo cha kuwapima. Labda waliojaza uwanja wake jana walikuwa nusu ya kata. Labda waliobaki nyumbani walikuwa akina Ambakisye watupu.

"Ndiyo," alisema mwishowe. "Nitakuwa nimekunyang'anya."

Ambakisye alimtazama kwa mshangao, kwa sababu hakutegemea jibu hilo kutoka kwa mtu huyo. Akawasha tochi bila sababu, akaizima, akaenda kulala. Asajile alibaki amesimama na funguo mkononi, akisikia kitu kigumu kimemkaa tumboni, na kwa muda mrefu akitafuta ni cha mpiga kura gani. Hakumpata mwenyewe.

*

Ukumbi wa Mbeya ulinukia pilau. Wajumbe walipangwa mstari mmoja, nyuso zao laini na za kupendeza, watu ambao ungewaambia wahame mstari wangehama na kukushukuru. Kwenye meza ya mbele alikaa Bi. Ngonyani na kofia ya nyaya.

Zamu ya Asajile ilipofika alivaa kofia, na mshale ukalala kwenye moja. Bi. Ngonyani alimuuliza chai bora ni ya maziwa au ya rangi, naye akasema zote nzuri. Alimuuliza kama ukumbi una joto, akasema una joto. Akamuuliza kama hauna baridi kidogo, akakiri kwamba baridi kidogo ipo. Mshale ukataka kulala chini ya moja. Mazoezi yote ya Subilaga yalikuwa yameyeyuka kama sukari.

Kisha likaja swali la mwisho, lile la kisheria. Je, yuko tayari kuikabidhi nia ya wananchi wa Ikapo kama walivyompa?

Kata nzima iliitika kichwani mwake kwamba ndiyo. Iliitika kwa furaha, watu wote wale na nguo zao zilizolowa, wakiona jua linakuja. Asajile aliwasikia na kuwahurumia. Alijua jambo wasilolijua, na aliwapenda mno kuwaacha waendelee kutolijua.

"Hapana," alisema.

Mshale ukaruka hadi kumi na mbili. Bi. Ngonyani aliuangalia, akamwangalia yeye, akamsaidia kwa upole. Labda ana maana kwamba yuko tayari ila ana wasiwasi kidogo, jambo la kawaida. Ulikuwa mlango mzuri, wazi, wa aina ambayo Asajile alikuwa akiipitia siku zote za maisha yake.

Akasema hapana, hana maana hiyo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaingia ganzi hadi begani. Akaeleza kwamba nia aliyonayo ni ya kweli, haijaguswa, lakini waliomuachia wamesikia mengine tangu siku ile, na baadhi hawaitaki tena, na baadhi wanaitaka zaidi, naye hajui wangapi.

"Sitaki kuwajibia," alisema. "Nataka waulizwe."

Mstarini nyuma yake minong'ono ilianza. Haikuhusu katiba. Mjumbe mmoja mnene wa kutoka Chunya alimwomba kwa heshima zote aangalie saa, kwani kuku aliyeko jikoni hawezi kungoja marudio ya uchaguzi. Wengine wakamuunga mkono, wakamsihi, wakamwita ndugu. Kwa Asajile hili ndilo lililokuwa jaribu kubwa kuliko yote, watu wengi wenye adabu na njaa wakimwomba kitu kidogo. Bi. Ngonyani alimkumbusha kwamba jina lake litafutwa na hatabeba nia tena maishani, kisha akalirudia swali neno kwa neno.

Asajile alifumba macho. "Hapana," alisema. "Na anayetaka kuku ale."

Mshale ulipita ishirini, ukapita arobaini, ukaenda kutetemeka karibu na mahali ambapo Subilaga aliwahi kuufikisha. Bi. Ngonyani alivua miwani, akaifuta, akaandika alichotakiwa kuandika. Wakati wa kuitoa punje alimwinamia sikioni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba katika kazi yake yote hajawahi kuuliza lile swali na kungojea jibu.

Punje ilipotoka, kelele zote zilikatika mara moja. Hapakuwa na parachichi tena, wala mbwa wa mchungaji, wala kikohozi cha Ambakisye. Asajile aliketi kwenye ngazi za ukumbi akiwa kama mtu aliyerudi nyumbani kutoka kuwasindikiza wageni na kukuta viti vingi mno.

*

Ikapo ilipiga kura upya wiki iliyofuata, mvua ikinyesha. Mjumbe mpya alikuwa msusi mmoja wa sokoni aliyepata digrii tisa, ambaye hakuwa mbaya. Asajile alipanga foleni kama raia mwingine. Chaguzi zilizopita alikuwa akiweka kiganja kwenye kioo na kioo kinaandika kwamba hakuna nia iliyosomeka. Safari hii aliwaza nguo, maharage, na yule mama aliyeogopa ukungu, ambaye hakulijua hata jina lake. Kioo kiliwaka kabla hajamaliza. Alikuwa amempigia Luhende, na aliondoka pale akitembea kwa madaha.

Matokeo yalibandikwa mchana wa siku ya pili. Alishinda Rutagwa. Safari hii hakushinda kwa kishindo, ila alishinda.

Asajile alisoma karatasi hiyo mara tatu. Alipouliza imekuwaje, watu waliangalia pembeni. Kumbe wiki nzima Ambakisye hakulala mchana. Alikuwa amepita nyumba kwa nyumba na koti lake linalochuruzika, hakumtukana mtu, akaomba kila mahali aonyeshwe chumba cha kulala. Alitazama juu kwenye bati, akatazama sufuria zilizotegwa chini, akawauliza wenye nyumba ni lini mara ya mwisho walilala hadi asubuhi bila kuhamisha kitanda. Hakuwa na hotuba nyingine.

Asajile alifika nyumbani akiwa na hasira, na hasira yote ilikuwa yake. Alimwambia Subilaga kwamba kata hii haina akili, kwamba alisimama ukumbini akadhalilishwa na watu wa Chunya kwa ajili yao, kwamba nguo zitaoza na watakuja kulia dukani kwake. Subilaga alimsikiliza huku akigeuza ndizi jikoni. Alipoona mke hajibu, Asajile alimsogelea.

"Mama Lugano," alisema. "Wewe ulimpigia nani?"

"Rutagwa."

"Wewe? Uliyenifundisha kukataa?"

"Mara ya kwanza nilimpa Luhende. Nilikuwa mle nyuma ya lori lako nikinung'unika, hukunisikia?" Alifunika sufuria. "Juzi alikuja Ambakisye akatazama kitanda chetu. Si ulitaka tuulizwe upya, Baba Lugano? Basi nimejibu upya."

Asajile alifungua kinywa. Alilisubiri lile neno la kukubaliana lije, nalo halikuja. Alivuta kiti akakaa, akamwambia mkewe kwamba amekosea, tena amekosea sana, na akaanza kumweleza kwa nini. Subilaga alijibu. Yeye naye akajibu. Ndizi ziliungua, na hakuna kati yao aliyeinuka kuzitoa motoni.